Kugongwa kwa Nyuma na Dai Lenye Ubishi

Ajali ya gari moja kugonga jingine kwa nyuma hudhaniwa kuwa nyepesi kuamua kuliko zote. Askari wa trafiki, wakala wa bima na abiria walioshuka kwenye matatu huanza na neno lile lile: aliyekuwa nyuma ndiye mwenye makosa. Neno hilo lina msingi. Dereva anayemfuata mwenzake anapaswa kuacha nafasi ya kumtosha kusimama hata wa mbele akikanyaga breki ghafla, na asipoweza kusimama, yeye ndiye anayedaiwa maelezo kwanza. Lakini Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haina kifungu kinachomtia hatiani dereva wa nyuma kwa sababu tu alikuwa nyuma. Mahakama huamua kwa ushahidi. Kampuni ya bima inalijua hilo kuliko mteja wake, na kila inapoona ushahidi ni haba hupata nafasi ya kupinga dai au kulipunguza.

Kedowa ni mahali pazuri pa kuelewa jambo hili. Kituo hicho cha biashara kiko katika kaunti ya Kericho, eneo la Kipkelion Mashariki, kando ya barabara ya B1 inayotoka Mau Summit kupitia Londiani Junction kwenda Kericho na Kisumu. Barabara yenyewe hupanda na kushuka milima, mvua ya alasiri ni jambo la kawaida sehemu kubwa ya mwaka, na ukungu hushuka bila kutoa taarifa. Juu ya lami hiyo hupita malori ya mizigo, mabasi ya usiku, malori yanayokusanya majani mabichi ya chai, matrekta yenye trela zisizo na taa, Probox zilizojaa watu na mitungi ya maziwa, na bodaboda zinazosimama popote abiria anapoita. Mwendo wa lori lenye mzigo likipanda na mwendo wa gari dogo linalolifuata hutofautiana mno. Hapo ndipo gari moja hukuta sehemu ya nyuma ya jingine.

Hesabu yake haihitaji utaalamu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa humeza mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kuona taa za breki na kuhamisha mguu, ameshapita mita 33 kabla breki haijashika kabisa, na kwenye lami yenye maji safari ya kusimama huwa ndefu zaidi. Ndani ya kituo cha biashara, ambako mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, matuta huwafanya walio mbele kupunguza mwendo ghafla, hasa wageni wasiojua tuta liko wapi.

Hata hivyo, si kila gari lililopondeka mbele liligonga. Kwenye mlima, lori lililozimika au lililokosa gia wakati wa kupanda huweza kurudi nyuma mita chache kabla dereva hajavuta handibreki, na gari dogo lililosimama nyuma yake likapondwa boneti. Ukiyaangalia magari hayo mawili nusu saa baadaye, alama zake hazitofautiani sana na za gari dogo lililoligonga lori. Dereva wa lori atasema amegongwa, na kanuni ya aliye nyuma itamsaidia. Mwenye gari dogo hana cha kumwokoa ila mambo matatu: shahidi asiye abiria wake, picha zilizopigwa kabla magari hayajasogezwa, na kukosekana kwa alama za breki mahali ambapo zingetakiwa kuwepo kama kweli alikuja kwa kasi. Kamera ya dashibodi humaliza ubishi huo kwa dakika moja. Kwa mtu anayepanda barabara hii kila siku, bei yake ni ndogo kuliko kiasi atakacholipa mfukoni katika dai moja lililoharibika.

Ubishi wa namna nyingine hutokana na lori lililoharibika na kuachwa barabarani usiku, likiwa limewekewa matawi ya miti nyuma badala ya pembetatu za kuakisi mwanga. Anayeligonga huonekana mkosaji, lakini mahakama za Kenya zimezoea kugawa lawama katika kesi za aina hii, kwa sababu aliyeacha lori gizani bila onyo naye ana sehemu yake. Vivyo hivyo kwa matatu inayolipita gari, ikajipenyeza mbele yake na kusimama kumchukua abiria: dereva wa nyuma alikuwa na nafasi ya kutosha mpaka mwingine alipoichukua. Katika mgongano wa magari matatu au zaidi, swali kubwa ni la mfuatano. Je, gari la katikati liligonga la mbele kwanza, kisha likagongwa, au lilisukumwa? Abiria wa gari la mbele ndiye shahidi bora, maana anajua kama alisikia kishindo kimoja au viwili.

Saa ya kwanza

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki kinamtaka dereva aliyehusika katika ajali kusimama, kutoa jina na anwani yake na za mwenye gari pamoja na nambari za gari, na kuripoti kituo cha polisi mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 24. Mtu akifa au akiumia vibaya, magari hayasogezwi bila ruhusa ya polisi, isipokuwa kwa sababu kama kuwaokoa waliomo. Pale ambapo ni bati tu limepondeka, madereva wengi husogeza magari haraka ili kufungua njia. Ni jambo la busara kwa usalama, kwa sharti kwamba picha zimepigwa kwanza.

Picha zinazofaa si za bampa peke yake. Mkadiriaji hasara atakayeletwa na kampuni hataiona barabara hiyo ilivyokuwa. Ataona gari katika uwanja wa kituo cha polisi au gereji. Kwa hiyo picha zionyeshe magari yote mawili kwa pamoja yakiwa mahali pake, upande wa mteremko, tuta au kona iliyo karibu, vipande vya kioo chini, magurudumu yaliyokunjwa, taa za breki za gari la mbele zikiwaka au zikikataa kuwaka, na stika ya bima ya kila gari. Stika za sasa ni za kidijitali na zinaweza kuhakikiwa kwa nambari ya gari. Uhakiki huo unafaa kufanywa hapo hapo, maana hugundua bima iliyokwisha muda.

Jambo gumu zaidi katika saa hiyo ni ulimi. Takriban kila hati ya bima ya gari nchini ina sharti linalomkataza mwenye bima kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Katika jamii ambapo pole ndilo neno la kwanza mtu akimwona mwenzake ameumia, sharti hilo huonekana la kikatili. Pole haikatazwi. Kinacholeta matatizo ni maneno kama “nitatengeneza”, na zaidi ya hapo karatasi iliyotiwa sahihi kando ya barabara ikisema nani atamlipa nani. Mapatano ya namna hiyo yakivunjika baada ya wiki mbili, kampuni zote mbili zitayatumia kama sababu ya kutolipa.

Kisha ni kituo cha polisi, ambako tukio huandikwa katika kitabu cha matukio, OB, na kupewa nambari. Maneno machache yanayoandikwa hapo hufuata dai hadi mwisho. Dereva anayesema “niligonga gari la mbele” kwa sababu ya mshtuko, ilhali kilichotokea ni kwamba lori lilirudi nyuma, atakuta sentensi hiyo katika barua ya kampuni miezi mitatu baadaye. Ana haki ya kueleza kwa ukamilifu: alikuwa wapi, kasi gani, gari la mbele lilifanya nini, hali ya hewa ilikuwaje, nani aliona. Baadaye polisi hutoa abstrakti, karatasi ambayo kampuni haiwezi kufanya lolote bila kuiona. Abstrakti inaweza kumtaja anayelaumiwa, au ikasema uchunguzi bado unaendelea. Hii ya pili ndiyo huzuia madai mengi, kwa kuwa kampuni husubiri uchunguzi ambao hakuna anayeufanya. Mwenye gari hana budi kurudi kituoni mara kwa mara, akiwa na nambari ya OB na jina la afisa anayeshughulikia faili, mpaka matokeo yaandikwe.

Palipo na mashtaka, kwa kawaida huwa ya kuendesha bila uangalifu chini ya kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki. Wengi hukiri ili walipe faini na kurudi kazini siku ile ile. Uamuzi huo wa haraka una gharama, kwa sababu kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinafanya hukumu ya jinai isiyokatiwa rufaa kuwa ushahidi usiopingika kwamba mtu huyo alitenda kosa hilo. Milango yote haijafungwa hapo: tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki wa mwaka 1971, inakubalika kwamba dereva aliyepatikana na hatia ya uzembe bado anaweza kuonyesha kuwa mwenzake naye alichangia. Lakini ameanza safari akiwa na mzigo ambao angeuepuka kwa kumwuliza wakili swali moja kabla ya kusimama kizimbani.

Nani anamdai nani

Kosa linalowagharimu watu pesa nyingi ni kudhani kwamba bima ya lazima hulipa kila kitu. Sheria ya Bima ya Magari kwa Hatari za Watu wa Tatu, Sura ya 405, inamlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya vifo na majeraha ya watu wengine. Hailazimishi bima ya mali yao. Watu zaidi ya 50 walipouawa na lori lililopoteza mwelekeo pale Londiani Junction tarehe 30 Juni 2023, sheria inayohusu familia zao ilikuwa hiyo, yenye kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mtu. Bampa, taa na buti vimo ndani ya hati ya mtu wa tatu kwa sababu tu kampuni nyingi huviongeza kwa mkataba, kila moja kwa kikomo chake. Aliyegongwa akitaka kujua kama atatengenezewa gari, anapaswa kuuliza kikomo cha mali katika hati ya aliyemgonga, si kuridhika kwa kuona stika kwenye kioo.

Tofauti hiyo huonekana tena mahakamani. Aliyeumia akishinda kesi dhidi ya mwenye gari, kifungu cha 10 cha Sura ya 405 kinaibana kampuni kulipa hukumu hiyo, mradi ilipewa notisi ya kesi kwa wakati. Kwa uharibifu wa gari hakuna kamba kama hiyo. Mshtakiwa ni dereva na mwenye gari, na kampuni huingia kwa sababu ya mkataba wake na mteja. Ni kwa sababu hii barua ya madai huandikwa kwa mwenye gari na nakala kwa kampuni, pamoja na rekodi ya umiliki kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinamchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Jambo hilo ni zito katika eneo ambalo Probox huuzwa mara tatu bila jina kubadilishwa.

Mwenye bima kubwa, inayolinda hata gari lake mwenyewe, ana njia fupi zaidi. Anaripoti kwa kampuni yake mwenyewe, hata kama anaamini hana kosa, naye analipa ekses, yaani sehemu ya gharama ambayo hati inamwachia mteja, na gari linaingia gereji. Kampuni hiyo kisha inachukua nafasi yake na kumdai mwenye gari jingine kwa jina la mteja. Pesa zikirudi zote, ekses nayo inapaswa kurudi kwa mteja, na haifai asubiri kukumbukwa, aandike kuidai. Mwenye bima ya mtu wa tatu pekee hana njia hiyo. Bima yake inamlinda dhidi ya wengine tu, na gharama za gari lake lazima azifuate kwa aliyemgonga.

Kampuni ikikataa

Kabla ya swali la nani aligonga nani, kampuni hutazama kama mkataba wenyewe unasimama. Dereva alikuwa na leseni ya daraja linalofaa? Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi lilikuwa limebeba abiria wa kulipa? Katika barabara ya Londiani hadi Kericho swali hili la pili ndilo huvunja madai mengi ya Probox. Abiria mmoja akisema kwa mpelelezi wa kampuni kwamba alilipa shilingi mia, mkataba unaweza kukwama papo hapo. Kuchelewa kuripoti ni sababu nyingine. Haya ni masharti yaliyoandikwa, na dawa yake ni kuyasoma siku ya kununua bima.

Likibaki swali la kosa, kampuni hupenda jibu la katikati. Sheria inaruhusu: kifungu cha 4 cha Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, kinagawa fidia kulingana na mchango wa kila upande. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya mwaka 2006 iliyohusu kampuni ya Lento Agencies, iliamua kwamba pale ushahidi wa pande mbili haumwonyeshi mwenye kosa, lawama igawanywe nusu kwa nusu. Kampuni za bima zinaujua uamuzi huo vizuri. Dereva aliyegongwa kwa nyuma akiwa amesimama kwenye tuta, bila picha wala shahidi, huambiwa alichangia asilimia 50, na kama matengenezo ni shilingi 400,000, anapewa 200,000. Mwenye picha ya taa zake za breki zikiwaka na shahidi wa dukani huweza kuishusha sehemu yake hadi sifuri.

Kukataa huko kujibiwe kwa maandishi. Kampuni iombwe kutaja kifungu cha hati au ushahidi inaoutegemea, na nakala za ripoti ya mkadiriaji wake zidaiwe. Kiasi cha matengenezo kikishushwa kupita kiasi, mwenye gari anaweza kumlipa mkadiriaji huru. Ripoti hiyo ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani: katika kesi ya Nkuene Dairy ya mwaka 2010, Mahakama ya Rufani ilisema mdai wa uharibifu wa gari hahitaji kuthibitisha kwamba tayari ametumia pesa kulitengeneza, inatosha kuonyesha uharibifu na gharama ya kulirudisha katika hali yake. Maskini asiye na pesa za fundi hazuiwi kudai. Mapato yaliyopotea gari likiwa gereji ni jambo jingine. Hayo huhitaji vitabu vya hesabu, stakabadhi na rekodi za M-Pesa, na dereva wa matatu anayekadiria kwa kichwa hutoka mikono mitupu.

Mwishoni huja hati ya kumaliza dai, inayotiwa sahihi kabla ya hundi. Sahihi hiyo hufunga mambo yote yaliyoandikwa ndani yake. Maumivu ya shingo baada ya kugongwa kwa nyuma huweza kuchelewa kujitokeza, kwa hiyo hati ya gari isikubaliwe ikiwa maneno yake yanafuta pia majeraha. Mwenye kuipokea ana haki ya kuomba sentensi hiyo iondolewe.

Sheria ya Bima, Sura ya 487, imeweka siku 90 kuwa kikomo cha kulipa dai, na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, hupokea malalamiko ya wanaocheleweshwa. Malalamiko yenye tarehe, nambari ya dai na nakala za barua huilazimisha kampuni kujieleza. Lakini IRA si mahakama, na haikai kuamua lori lilirudi nyuma au la. Swali hilo hupelekwa mahakamani. Kwa kiasi kisichozidi shilingi milioni 1 kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60 na ambako mtu anaweza kujisemea bila wakili. Kiasi kikubwa zaidi huenda mbele ya hakimu. Kesi ya uzembe lazima ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu ajali, na mazungumzo matamu na kampuni hayasimamishi saa hiyo.

Hatari moja haimo katika uwezo wa mdai. Kampuni zilizobeba bima za matatu na malori zimewahi kuanguka madai yakiwa mezani: United Insurance mwaka 2005, Standard Assurance mwaka 2009, Blue Shield mwaka 2011, Invesco mwaka 2024. Hapo Hazina ya Fidia ya Wenye Bima huingia, ikiwa na kikomo cha shilingi 250,000 kwa mdai. Kinachozidi hubaki juu ya mwenye gari aliyeshindwa, ambaye mali yake inaweza kukamatwa kwa hukumu hiyo ingawa alikuwa amelipa bima yake kwa wakati.